MAMBO YA VIJIJI: Marani na Sikukuu ya Miti Ichanuayo

Iko miji midogo mingi duniani ambayo majina yake yasingefika mbali kama si kwa ajili ya miti yake. Mmoja wa miji hiyo ni Grafton, katika jimbo la New South Wales, nchi ya Australia. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukiisha na Novemba ukianza, mijakaranda iliyopandwa kandokando ya njia zake huchanua yote pamoja, hata juu kukawa zambarau na chini kukawa zambarau. Tangu mwaka 1935 wenyeji wa Grafton wamekuwa na sikukuu ya kuyashangilia maua hayo. Maduka hupambwa, watu huandamana barabarani kwa muziki, na kuna desturi ya kumvika taji Malkia wa Jakaranda. Wageni huja kutoka mbali, hulala katika hoteli za mji, hununua chakula na vitu vingine, na mji hufaidika.

Mwaka huo huo wa 1935, katika mji mkuu wa Marekani, Washington, ilianzishwa sikukuu nyingine ya miti. Huko miti inayosifiwa ni micheri kutoka Japani. Meya wa mji wa Tokyo, Bwana Yukio Ozaki, aliipeleka kama zawadi ya urafiki. Miche 2,000 ya kwanza ilifika mwaka 1910, ikaonekana ina wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Wajapani hawakukasirika. Mwaka 1912 walipeleka miche mingine zaidi ya 3,000, ikapandwa, na hadi leo watu kwa maelfu huitazama inapochanua mwisho wa majira ya baridi.

Sasa tazama Marani. Marani ni mji mdogo kaskazini ya mji wa Kisii, na ndiyo makao ya wilaya ndogo iitwayo kwa jina hilo hilo katika Kaunti ya Kisii. Hauna sikukuu ya maua. Walakini mtu akiuliza kama Marani ina miti ichanuayo, jibu ni kwamba inayo mingi, na baadhi yake ni mizuri kuliko ile inayosafiriwa na wageni katika nchi nyingine. Neno la kufikiriwa ni jingine: je, miti hiyo itakuwako baada ya miaka ishirini au thelathini? Na kama itakuwako, ni nani atakayeitunza?

MAJIRA YASIYOFANANA

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini sikukuu ya namna ya Grafton haikuzaliwa katika nchi ya Abagusii. Katika nchi za mbali na Ikweta, miti mingi hulala wakati wa baridi, kisha jua likirudi huamka yote kwa pamoja. Watu waliokaa miezi mingi katika baridi na giza huyaona maua hayo kuwa ni habari njema, nao hutoka nje kufurahi. Marani iko chini ya digrii moja kusini ya Ikweta. Mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na ardhi haijui theluji. Mvua ya nchi hiyo ya vilima hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nayo hugawanyika katika masika na mvua fupi. Kwa hiyo miti ya huko haingoji jua. Hungoja mvua au hungoja ukavu, kila mti kwa tabia yake. Huu ukimaliza, ule huanza. Mwenye macho hupata maua karibu kila mwezi, lakini hapati siku moja ambayo vyote vimechanua pamoja.

Mti wa kwanza wa kutajwa ni omotembe, ambao kwa Kiswahili huitwa mwamba ngoma. Huo huchanua wakati wa kiangazi, matawi yakiwa matupu bila majani, na maua yake mekundu huonekana toka mbali kama makaa ya moto juu ya kilima. Gome lake ni nene kama la kizibo, hata moto wa nyika haulidhuru upesi. Mizizi yake hurudisha rutuba katika udongo kwa namna ya kunde na maharage. Ndege wa chozi huufuata kwa ajili ya asali iliyomo katika maua.

Wa pili ni kifabakazi, ambao katika Kenya watu wengi wameujua kwa jina la mwali wa Nandi. Maua yake ni makubwa, mekundu yenye kuelekea rangi ya chungwa, nayo yameumbika kama vikombe vyenye kushika maji ya mvua. Vichipukizi vyake vikiminywa hurusha maji, na watoto wa shule wa kila kizazi wameugeuza kuwa mchezo. Mti huu ni mwenyeji wa Afrika, lakini uzuri wake umeupeleka katika nchi za joto duniani kote. Katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kama Hawaii na Fiji, umezaana hata ukawa adui wa misitu ya huko, na wataalamu wameuandika katika orodha ya viumbe 100 vinavyovamia kwa ubaya nchi zisizo zao. Mti ulio pambo katika kwao unaweza kuwa taabu ugenini. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana mbele litarudi kwa upande mwingine.

Wa tatu ni omosocho. Maua yake ni meupe yenye kuelekea manjano, yamepangika katika vishikio virefu, na nyuki huyapenda mno. Kisha kuna ule ambao majirani Wajaluo huuita siala, wenye maua ya manjano. Na mringaringa, ambao ukichanua huonekana kama umetandikwa kitambaa cheupe juu yake. Tena katika nyanda za juu za Kenya uko mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu huuita Prunus africana. Maua yake ni madogo meupe, wala hayashangazi macho. Lakini mti huo ni wa jamii moja na micheri ya Japani. Gome lake limetumika kutengeneza dawa za tezi ya wanaume huko Ulaya, likachunwa kwa wingi hata biashara yake ikawekwa chini ya ulinzi wa mapatano ya mataifa mwaka 1995. Mwafrika anayesoma habari za micheri ya Washington, basi, aweza kujua kwamba ndugu wa micheri hiyo anaota katika vilima vya kwao.

SIKU TATU ZA KAHAWA

Liko ua moja ambalo Abagusii wengi wamelizoea hata hawalioni tena, nalo ni la mkahawa. Katika miaka ya 1930, Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika kulima kahawa, Kisii ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupewa ruhusa hiyo, pamoja na Meru. Tangu wakati ule kahawa imelipa karo, imejenga nyumba, na imeleta magomvi ya vyama vya ushirika.

Mkahawa hukaa na vichipukizi vilivyofumba wakati wa ukavu. Mvua nzuri ikinyesha, siku 8 hadi 12 hivi baadaye, asubuhi moja shamba zima huamka jeupe. Harufu yake ni kama ya asumini, nayo hufika barabarani. Baada ya siku mbili tatu maua hunyauka, yakawa ya hudhurungi, yakaanguka. Hiyo ndiyo sikukuu ya maua ya Marani. Haina malkia wala matarumbeta, haitangazwi katika redio, na tarehe yake huwekwa na mvua.

Kuna faida ndani yake isiyoonekana kwa haraka. Kahawa ya aina ya arabika huweza kujizalisha yenyewe bila kusaidiwa. Kwa sababu hiyo wakulima wengi hudhani nyuki hana kazi katika shamba la kahawa. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi ya Panama, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba mikahawa iliyotembelewa na nyuki iliongeza mazao kwa zaidi ya nusu. Ni jambo kubwa kwa mkulima mdogo. Walakini nyuki hawezi kuishi kwa maua ya siku tatu. Lazima ale katika miezi mingine pia, na katika miezi hiyo chakula chake ni omosocho, ni mringaringa, ni maua ya mipaka na ya mabondeni. Anayekata miti hiyo yote huwafukuza vibarua wake wasiodai mshahara.

MGENI KUTOKA AUSTRALIA

Hapa ndipo habari ya Grafton na ya Marani zinapokutana kwa njia ya ajabu. Mjakaranda unaosifiwa huko Grafton si mti wa Australia; ulitoka Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Na katika sehemu hiyo hiyo ya pwani ya New South Wales ndimo ulimo asili ya mikaratusi ambayo leo imejaa katika vilima vya Kisii na Nyamira. Australia iliazima mti wa maua kutoka ng'ambo, na mti wa kwao ukaja Afrika kufanya kazi.

Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 hivi, ili iwe kuni za magari-moshi ya reli ya Uganda. Katika nchi ya Abagusii imepata makao mazuri. Sababu ni dhahiri. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa baina ya wana, na wana wakagawia wana wao, hata mengine hayafiki ekari moja. Mtu mwenye kipande kidogo hutafuta mti unaokua upesi, unaouzika, na usiotaka kuangaliwa kila siku. Mkaratusi hujibu mambo hayo yote. Hutoa nguzo, mbao na kuni. Viwanda vya majani ya chai huununua kwa ajili ya tanuri zake. Na ukikatwa huchipua tena bila kupandwa. Hata maua unayo, na nyuki huyatumia.

Basi si haki kuusema mkaratusi kama mwizi. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: una kiu. Ukipandwa mlimani hunywa maji ya mvua. Ukipandwa bondeni hunywa chemchemi. Na kwa kuwa bondeni ndiko unakokua upesi zaidi, huko ndiko wengi walikoupanda. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Bwana John Michuki, alitoa amri kwamba mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe. Wengine walitii, wengine hawakutii, na wengine walikata mashina yakachipua tena.

Chukua mfano wa baba na mwanawe wenye shamba dogo, juu kuna mikahawa na migomba, chini kuna chemchemi, na kando ya chemchemi umesimama omosocho wa zamani. Mazungumzo yao huenda hivi:

“Tata,” asema kijana, “mti huu umezeeka. Tuukate, tupande mikaratusi. Miaka saba au minane ikipita tutauza nguzo, na mdogo wangu atapata karo ya chuo.”

“Maneno yako ni mazuri, mwanangu. Unataka kuipanda wapi hiyo mikaratusi?”

“Hapa hapa bondeni, Tata. Huko juu haikui kama hapa.”

“Na kwa nini hapa inakua zaidi?”

“Kwa sababu hapa pana maji.”

“Basi umejijibu. Maji hayo ndiyo mama yako anayoteka asubuhi. Ukiyapa mikaratusi, mama yako atateka wapi?”

“Na karo, Tata, itatoka wapi?”

Hapo baba hunyamaza, na haki yake ya kunyamaza ni kubwa, maana swali la kijana si la kipumbavu. Mtu hawezi kulipa karo kwa maua. Watu wengi wanaohubiri habari za miti ya asili husahau swali hilo, na kwa sababu hiyo mahubiri yao huishia pale mkutano unapoishia. Kama miti ichanuayo itabaki Marani, hapana budi iwe na kitu cha kumpa mwenye shamba.

NGOMA YA MWAKA 1922

Kabla ya kutoa jibu, inafaa kutazama jambo moja lililotokea katika Kenya yenyewe, maana sikukuu ya miti si desturi ya Wazungu na Wajapani tu. Mwaka 1920 alikuja Kenya bwana miti kijana, Mwingereza aitwaye Richard St. Barbe Baker. Alipelekwa katika nchi ya Wakikuyu, akaona jinsi misitu ilivyokuwa ikipungua na udongo ukichukuliwa na maji. Alitaka watu wapande miti, lakini wazee walimjibu kwamba miti ni shauri ya Mungu, wala si kazi ya mwanadamu. Baker aliangalia desturi za wenyeji, akatambua kwamba palikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya kuvuna mahindi. Akauliza kwa nini isiweko ngoma ya miti.

Tarehe 22 Julai 1922, huko Muguga, ngoma hiyo ilichezwa. Vijana wapatao 3,000 walikusanyika. Chifu Josiah Njonjo alishirikiana na Baker katika jambo hilo. Katika vijana wale walichaguliwa 50 wa kwanza, wakaapa kwamba kila mmoja atapanda miti kumi ya asili kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Wakaitwa Watu wa Miti. Chama hicho kilienea hadi Uingereza na nchi nyingine nyingi, na siku hizi kinaitwa International Tree Foundation. Baker mwenyewe aliishi hadi mwaka 1982, akitembea dunia nzima kwa kazi hiyo moja.

Mambo mawili yanaonekana wazi katika ngoma ile. La kwanza, ilitwaa desturi iliyokuwako tayari, wala haikuleta desturi ngeni ya kuwashangaza watu. La pili, haikuwa furaha ya siku moja. Mwisho wake palikuwa na kiapo, na ndani ya kiapo palikuwa na neno la kutunza, si neno la kupanda peke yake.

SIKU ZA SERIKALI

Tangu wakati ule Kenya imeona mengi. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo ulipoanza mwendo wa akina mama ulioitwa Green Belt. Hadi mwaka 2004, alipopewa Nishani ya Nobel ya Amani, akina mama hao walikuwa wamekwisha panda miti zaidi ya milioni 30. Siri ya kazi yao ilikuwa nyepesi: mama hakulipwa kwa mche alioupanda, bali kwa mche ulioshika na kuendelea kuishi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, iliitaka Serikali ijitahidi miti ifunike walau asilimia 10 ya nchi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha asilimia 12.13. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Rais William Ruto alianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 hadi mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti, na shabaha ya siku ile ilikuwa miche milioni 100. Tarehe 10 Mei 2024 nayo ikawa siku ya mapumziko, ya kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko na ya kupanda miti. Na mwaka huo huo wa 2024, sikukuu ya tarehe 10 Oktoba ilibadilishwa jina, ikawa Siku ya Mazingira.

Haya yote ni mema. Lakini katika siku za namna hiyo kuna hatari inayojulikana na kila Bwana Shamba. Wakubwa hufika kwa magari, mashimo yamekwisha chimbwa, picha hupigwa, watu hupiga makofi, kisha wote huenda zao. Juma la pili mbuzi hupita. Mwezi wa tatu hakuna aliyebaki wa kuuliza mche ule ulikuwa wa aina gani. Mche uliopandwa kwa hotuba wataka maji kama mche mwingine wo wote.

JIBU KWA KIJANA

Turufu ya Marani ni kwamba miti ichanuayo si yote mitupu ya faida. Siala hutoa nguzo ambazo mchwa hauzili upesi, na ukikatwa huchipua kama mkaratusi. Mringaringa ni mbao ya thamani, inayopendwa na maseremala kwa meza na makabati, tena ni kivuli kizuri cha kahawa, kwa hiyo hauhitaji shamba lake peke yake. Mgrivilia, nao ni mgeni kutoka Australia, una maua ya rangi ya dhahabu yanayopendwa na nyuki, na mbao zake huuzwa. Omotembe hauna mbao ngumu, lakini hupandwa kwa kijiti kinene kilichokatwa na kuchomekwa ardhini wakati wa mvua, bila gharama ya kununua mche, na ukawa nguzo hai ya ua. Omosocho ukiachwa penye chemchemi hufanya kazi ya kukinga jua na kushika udongo, na kuwapa nyuki chakula.

Ni kweli kwamba miti hiyo haikui kwa haraka ya mkaratusi. Kijana atangoja zaidi. Kwa hiyo shauri la haki si kumnyima mkaratusi wake, bali kuuweka mahali pake. Upandwe juu ya kilima, mbali na maji na mbali na mpaka wa jirani. Kanuni za maji za mwaka 2006 zinataka kando za mto ziachwe bila kulimwa wala kujengwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande. Sehemu hiyo, ambayo sheria haimruhusu mtu kuilima, ndiyo iwe bustani ya miti ichanuayo. Mizinga ya nyuki ikiwekwa huko, hapo penye hasara patatoka asali. Mdogo wake atapata karo, ingawa haitatoka katika mfuko mmoja: kidogo kutoka nguzo za mlimani, kidogo kutoka asali ya bondeni, na zaidi kutoka kahawa iliyotembelewa na nyuki. Mama naye atateka maji pale pale alipoyateka mama mkwe wake.

Na kuhusu sikukuu, Siku ya Mazingira ya tarehe 10 Oktoba huangukia vizuri. Wakati huo mvua fupi zinanyesha, ardhi ni laini, na katika miji mingi ya Kenya mijakaranda inachanua, kama inavyokaribia kuchanua kule Grafton. Shule za Marani, makanisa, vyama vya kahawa na vikundi vya akina mama havihitaji fedha nyingi kuifanya siku hiyo kuwa yao. Kila shule yaweza kuandika daftari la miti: mti gani, umepandwa wapi, na mwanafunzi gani anautunza. Mwaka wa pili, kabla ya kupanda mche mpya, daftari lisomwe mbele ya wazazi, na ijulikane ni miche mingapi iliyoishi na mingapi iliyokufa. Kikundi kilichoshinda kwa miche iliyoishi ndicho kipewe zawadi. Wazee waalikwe kuwafundisha watoto majina ya miti kwa Ekegusii, maana jina likipotea, mti hupotea baada yake. Mtoto asiyejua omosocho hawezi kuuonea huruma anapoona shoka.

Ngoma nayo isikose. Abagusii wana obokano, kinanda chao kikubwa chenye nyuzi nane, ambacho sauti yake nzito haifanani na nyingine katika Afrika Mashariki. Kama Muguga ilipata ngoma yake mwaka 1922, hapana sababu kwa nini obokano usipigwe chini ya omotembe.

Wahenga walisema, mpanda ovyo hula ovyo. Waliolima nchi hii zamani walipanda na kuacha miti bila kufundishwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa nyingi. Leo ardhi ni kidogo, na kila mti unaosimama umesimama kwa sababu kuna mtu aliyeamua usikatwe. Kwa hiyo kila mwenye shamba katika Marani, kabla ya mvua fupi kuanza, na aende bondeni kwake atazame kando ya maji yake pamesimama mti gani. Kama ni mkaratusi, ajue la kufanya. Kama ni omosocho au omotembe, na autunze.